Umeme ukikatika, nani anaibeba simu ya 999?

Wenzangu mlio na wazazi hapa Uingereza, hasa wale wanaokaa peke yao na simu ya mezani iliyotandikiwa kitambaa cha kufuma, haya ni yenu. Barua imeshawafikia au iko njiani. Itasema kwamba laini ya simu "inaboreshwa". Itakuwa na picha ya bibi wa Kizungu anacheka na kikombe cha chai mkononi. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, itasema kwamba umeme ukikatika simu haitafanya kazi, na kwamba 999, nambari ya dharura, pia imo. Hayo maneno ya chini ndiyo barua yenyewe. Ya juu ni mapambo.

Mimi ni fundi wa simu. Kazi nilijifunza Mombasa enzi za Kenya Posts and Telecommunications, shirika ambalo sisi tuliliita Posta tu, kabla halijagawanywa mwaka 1999. Nimepanda nguzo Kisauni, nimeshuka kwenye mashimo ya nyaya Mji wa Kale ambako maji ya chumvi yalikula viungo vyote tulivyofunga, na nimetumwa mara nyingi kwenda kutazama mahali ambapo usiku wake kulikuwa na waya wa shaba na asubuhi hakuna kitu. Huku Coventry nikafanya kazi kwa wakandarasi, naingia nyumba za watu kufunga intaneti, mpaka goti lilipogoma. Sasa nakaa nyumbani na kazi yangu kubwa ni kusomea watu barua zao.

Simu ya waya wa shaba ilikuja na stima yake. Ndani ya kituo cha simu kulikuwa na chumba cha betri, safu kwa safu, zikitoa volti kama 50 kwa kila laini ya mteja, na nyuma ya betri kulikuwa na jenereta. Mji mzima ungeweza kuwa giza na simu yako ikaita. Kituo chetu jenereta iliwashwa kila wiki, iwe kuna haja au hakuna, na aliyeiwasha alitia sahihi daftarini. Msimamizi wetu alikuwa mtu mgumu. Hakuikubali sahihi mpaka ausikie muungurumo kwa masikio yake. Huku Uingereza mambo yalikuwa hayo hayo, ila kwa vyumba vikubwa zaidi na dizeli isiyoibwa.

Mtandao huo wa shaba unazimwa. Tarehe ya mwisho iliwahi kuwa Desemba 2025, ikasogezwa, na sasa ni Januari 2027. Mahali pake simu inachomekwa kwenye ruta, kile kiboksi cha intaneti, na ruta inachomekwa kwenye soketi ya ukutani sebuleni kwa mama yako. Kituo cha simu bado kina betri na jenereta. Lakini kiungo cha mwisho cha mnyororo kimehamishiwa ndani ya nyumba, karibu na plagi ya pasi, na hapo hakuna msimamizi wa kusikiliza muungurumo.

Sheria inasemaje? Mdhibiti wa mawasiliano hapa ni Ofcom. Kampuni yoyote inayouza huduma ya simu kwa umma haihitaji leseni moja moja. Inafanya biashara kwa ruhusa ya jumla chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 2003, na ruhusa hiyo ina masharti. Sharti linalotuhusu linaitwa A3. Linaitaka kampuni ichukue kila hatua inayohitajika ili mteja aweze kufika kwa huduma za dharura bila kukatizwa, kwa 999 au kwa 112, bila kulipa hata senti. Linaitaka pia ipeleke taarifa ya mahali mpigaji alipo, kadiri mitambo inavyoweza. Ikivunja, faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka yanayohusika.

Someni tena hapo kwenye kila hatua inayohitajika. Kampuni haiwezi kusema "tulijaribu". Inatakiwa ionyeshe kwamba iliwaza njia ya pili kabla ya ya kwanza kukatika. Mnyororo wenyewe ni huu: unapiga 999, kampuni yako inaibeba simu mpaka kwa BT, kampuni kubwa ya simu ya nchi hii, maana BT ndiyo inayopokea simu zote za 999 za nchi nzima, za kampuni zote. Opereta anauliza unataka huduma gani, kisha anakuunganisha na polisi, zimamoto, gari la wagonjwa au walinzi wa pwani. Kila anayeushika huo mnyororo ana wajibu wake, na nitawapa mifano ya waliouachia, kwa sababu sheria ya namna hii huelewi mpaka uione ilipovunjwa.

Hata 999 yenyewe ilizaliwa na malalamiko. Novemba 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole, London, wanawake watano wakafa. Jirani aliyepiga simu kuita zimamoto aliachwa akingoja kwenye foleni ya kituo cha simu, akakasirika, akaandika barua kwa gazeti la The Times. Serikali ikaunda kamati, na tarehe 30 Juni 1937 nambari ikaanza kazi London. Mwingereza alipotutawala akatuletea na sisi, ndiyo maana Kenya tuna 999. Ingawa tuambiane ukweli: Mombasa niliyokulia, mtu akizidiwa usiku hakuna aliyefikiria nambari. Uligonga mlango wa jirani mwenye gari.

Sasa Hull. Mji huo una historia yake ya ajabu: simu zake hazikuwahi kuwa za BT, na vibanda vyake vya simu ni vya rangi ya maziwa wakati vya nchi nzima ni vyekundu. Kampuni yake inaitwa KCOM. Desemba 2015 mito ilifurika York, mji mwingine kabisa, na maji yakaingia kwenye kituo cha simu cha BT kilichoko huko. Hull wakagundua kwamba simu zao za 999 haziendi popote. Kwa nini? Kwa sababu KCOM ilikuwa ikizipitisha zote kupitia kituo hicho kimoja cha York. Laini zilikuwapo za ziada, lakini zote zilikutana kwenye jengo lile lile lililojaa maji. Kwa muda wa saa kama 4, simu 74 za kuomba msaada zilifeli. Mwaka 2017 Ofcom ikaitoza KCOM pauni 900,000.

Fundi yeyote analijua kosa hilo. Kwenye ramani unaona mistari miwili, moyo unatulia, unakunja karatasi. Hakuna anayevaa buti kwenda kutazama kama mistari miwili inaingia mlango mmoja. Mwaka huo huo wa 2017 Three, kampuni ya simu za mkononi, nao walitozwa pauni 1,890,000 kwa jambo la namna hiyo hiyo. Oktoba 2016 mtandao wao ulipotea kwa muda Kent, Hampshire na sehemu za London, na Ofcom ilipochunguza ikakuta simu za dharura za wateja wa sehemu hizo lazima zipite kituo kimoja cha data. Hapa nawapongeza Ofcom, na si kawaida yangu kupongeza ofisi: walitoza faini kwa udhaifu wa mpango wenyewe. Hawakungoja mtu afe ndipo waseme mpango ni mbovu.

Lakini kisa ninachokisimulia kila nikikaribishwa chai ni cha BT, Jumapili tarehe 25 Juni 2023. Saa 12 na dakika 24 asubuhi, skrini za maopereta wa 999 zikaanza kujizima na kujiwasha. Opereta akipokea simu, mashine inaanza upya. Akitaka kumuunganisha mtu na gari la wagonjwa, simu inakatika au inarudi kwenye foleni. Chanzo kilikuwa kosa kwenye faili moja la mipangilio ndani ya seva. Hayo hutokea, kompyuta ni kompyuta. Kilichonikera ni kilichofuata. BT walikuwa na mtambo wa akiba kwa ajili ya siku kama hiyo hiyo. Walipojaribu kuhamia huko, wakashindwa mara ya kwanza, kwa sababu maelekezo yalikuwa yameandikwa vibaya na waliokuwa zamu hawakuwa na mazoea nayo. Hata walipofaulu kuhamia, mtambo wa akiba ukaelemewa na wingi wa simu. Mambo hayakutengemaa mpaka saa 11 jioni kasoro dakika chache.

Muda wa saa kumi na nusu nzima. Karibu simu 14,000 hazikuunganishwa, za watu 12,392. Huduma ya maandishi inayotumiwa na viziwi kupiga simu nayo ilivurugika, maana yake kuna watu ambao hawakuwa na simu ya kawaida wala ya kwao. Ofcom ilisema haikupata taarifa iliyothibitishwa ya mtu kupata madhara makubwa. Julai 2024 ikatoza BT pauni milioni 17.5, na hiyo ni baada ya kupunguziwa asilimia 30 kwa kukubali kosa.

Ninachowaza mimi ni yule aliyekuwa zamu asubuhi ile, na karatasi ya maelekezo mkononi. Jumapili, wakubwa wamelala, anasoma hatua ya tatu na haielewi. Msimamizi wangu wa Mombasa angemuuliza swali moja tu: mara ya mwisho mliiwasha lini?

Na pesa za faini zinakwenda wapi? Hazina ya serikali. Pauni zote hizo, za Hull, za Three, za BT, hakuna hata moja inayofika kwa mtu aliyekuwa ameshika simu ikamkatikia. Watu wengi wakisikia "faini ya mamilioni" wanadhani waliokosa huduma wamelipwa. La. Faini ni ya kuitia kampuni uchungu. Kama inatia uchungu wa kutosha kwa kampuni ya ukubwa wa BT, hilo kila mtu na hesabu zake; mimi naona barua ile kwenye The Times ilifanya kazi zaidi kwa gharama ya stempu moja.

Turudi sebuleni kwa mama. Ofcom walijua kwamba simu ya ruta itakufa umeme ukikatika, wakatoa mwongozo Oktoba 2018. Kampuni lazima iwe na angalau njia moja ya kumwezesha mteja kufika 999 kwa muda usiopungua saa 1 umeme ukikatika, na kwa wanaotegemea simu ya mezani njia hiyo itolewe bure. Kwa kawaida ni kiboksi cha betri kinachokaa kati ya soketi na ruta, au simu inayotumia mtandao wa mnara.

Saa moja! Novemba 2021 dhoruba iliyopewa jina Arwen iliangusha nguzo kaskazini mwa Uingereza na Uskoti. Zaidi ya wateja milioni walikosa umeme, na karibu nyumba 4,000 zilikaa giza kupita wiki nzima. Saa moja hapo ni ya nini? Ni ya kutafuta tochi. Minara ya simu za mkononi nayo inakula umeme ule ule, na mingi haina akiba ya kudumu. Machi 2022 BT wenyewe wakasimamisha kwa muda kuhamisha wateja wasiotaka, baada ya kelele za watu. Desemba 2023 kampuni kubwa zikatia sahihi mkataba na serikali, zikiahidi pamoja na mengine kutafuta akiba inayozidi hiyo saa 1. Ahadi si sharti, lakini angalau imeandikwa, na unaweza kuwanukulia.

Majuzi nilikwenda Leicester kwa bi mkubwa mmoja, mtu wa Kibokoni, aliyemjua marehemu mama yangu. Binti yake yuko Birmingham na ndiye aliyenipigia: "Kaka, mama kaletewa mashine mpya ya simu, hebu nenda ukaitazame, mimi siielewi." Nilifika, nikaamkia, nikawekewa kaimati kabla hata sijavua koti. Simu ilikuwa nzuri. Ruta ilikuwa nyuma ya televisheni, plagi yake kwenye soketi ya kuunganisha pamoja na taa ya mezani na chaja, na ile soketi ya kuunganisha ilikuwa na swichi yake, taa nyekundu, chini ya pazia. Bi mkubwa aliizima kila usiku kabla ya kulala, kwa sababu ya kuogopa moto. Yaani kila usiku kuanzia saa 4 mpaka alfajiri yule mama alikuwa hana 999, na hakuna dhoruba yoyote.

Nikamwambia, "Mama, inua simu usikilize." Akainua, mlio upo. Nikaizima ile swichi, taa za ruta zikafa. "Sasa sikiliza tena." Akaiweka sikioni, akanitazama, akaigonga gonga kwa kidole jinsi tulivyokuwa tukizigonga zile nyeusi za zamani.

"Imekufa, mwanangu."

"Ndivyo inavyokuwa ukilala."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kumlaumu binti yake, jambo ambalo halikuwa la haki, lakini ni haki yake kama mama.

Nilipompigia binti kuuliza kama aliomba kile kiboksi cha betri, akasema kampuni ilimuuliza swali moja: mama yako ana simu ya mkononi? Akajibu ndiyo. Basi, likaishia hapo. Kwenye kompyuta yao mama akaandikwa kwamba hategemei simu ya mezani. Na ni kweli simu ya mkononi anayo. Iko kwenye droo ya jikoni, aliletewa na mjukuu, na anaitumia kwa WhatsApp tu kupitia Wi-Fi ya ile ile ruta. Ruta ikizimwa, WhatsApp imekwenda. Nikaitoa kwenye droo nikazunguka nayo: jikoni alama ya mnara hakuna kabisa, chumbani hakuna, dirishani mbele inapatikana moja inayokuja na kupotea. Nyumba yenyewe ni ya matofali mazito ya zamani. Tena chaji ilikuwa asilimia 9.

Hapa nieleze kidogo mambo ya simu za mkononi, kwa kuwa kuna imani nyingi. Kupiga 999 hakuhitaji salio. Mnara wa kampuni yako ukikosekana, simu itapitia mnara wa kampuni nyingine yoyote iliyo karibu, na kampuni hiyo lazima ikubali kuibeba. Ila ikiwa hivyo wao hawawezi kukupigia tena ikikatika. Lakini simu isiyo na kadi ya laini (SIM) ndani, ile ya zamani mnayowapa watoto wachezee, kwa Uingereza haipigi 999. Nchi nyingine inapiga, hapa haipigi, walifunga kwa sababu ya utani wa simu za uongo. Msimwachie mzee simu tupu kabatini mkadhani ni akiba. Na asiyeweza kusema kwa simu ya mkononi, mathalani mtu kaingia ndani ya nyumba, opereta akiuliza asiposikia jibu atamwambia abonyeze 55. Akibonyeza, anaunganishwa na polisi.

Lugha je? Mzee asiogope. Aseme "ambulance", aseme "Swahili", aseme mtaa na nambari ya nyumba. Wakalimani wa simu wapo. Anuani ndiyo muhimu kuliko yote, na kwa simu ya mezani kampuni inatakiwa iipeleke yenyewe kwa opereta. Ila hizi simu za kupitia intaneti zina mtego: anuani inayokwenda ni ile iliyoandikishwa. Wazee wetu wanahamishwa kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule na mizigo yao yote. Ikiwa simu ni ya aina inayofanya kazi popote penye intaneti, gari la wagonjwa linaweza kwenda nyumba aliyohama. Kila akihama, pigeni mbadilishe.

Tulirudi kwa kampuni ile siku hiyo hiyo, binti upande mmoja wa laini, mimi kando ya ruta. Safari hii nilimwandikia maneno ya kusema, na nayaweka hapa kwa kila mwenye haja. Usiseme mama "anataka" betri. Sema: mama yangu anaishi peke yake, ni mzee, anategemea simu ya mezani kufika 999, ndani ya nyumba hakuna mnara wa simu wa kuaminika, na naomba njia ya akiba wakati wa kukatika umeme bila malipo kwa mujibu wa sharti A3 la Ofcom. Halafu ukae kimya. Uombe pia aandikwe kwenye orodha yao ya wateja wanaohitaji uangalizi, na uchukue nambari ya kumbukumbu ya mazungumzo. Aliyepokea akamweka kwenye muziki, akarudi na sauti nyingine kabisa. Kiboksi kikaja kwa posta. Sitaitaja kampuni, nimeona barua za nyingine, na swali lao la kwanza ni hilo hilo la simu ya mkononi.

Kiboksi kilipofika nilikwenda kukifunga, nikaitoa ruta kwenye soketi ya kuunganisha nikaipa soketi yake ya ukutani, nikabandika karatasi juu ya plagi: USIZIME. Tukaivuta plagi makusudi, bi mkubwa akainua simu, mlio ukawepo, akampigia binti yake Birmingham kumwambia kwamba anazungumza bila stima. Kujaribu ndivyo kunavyofanywa, kwa kumpigia mtu wa nyumbani. Msipige 999 kujaribu.

Jambo lililobaki ni vile vidude vya shingoni vyenye kitufe, ambavyo mzee akianguka anabonyeza na kituo kinampigia. Karibu watu milioni 1.8 nchi hii wanavitumia, na vingi vilitengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba. Ukichomeka kwenye ruta, vingine vinafanya kazi, vingine vinanyamaza, na mzee hajui kimenyamaza mpaka siku aliyoanguka. Desemba 2025 Ofcom iliitoza Virgin Media zaidi ya pauni milioni 23 kwa namna ilivyowahamisha wateja wa vifaa hivyo: haikuwaandika sawasawa kujua ni nani na nani, na wale ambao hawakujibu barua za kuhamishwa ikawakatia laini. Wasiojibu barua! Nani asiyejibu barua kuliko mzee wa miaka 84 asiyesoma Kiingereza? Kwa hiyo, mwenye kidude hicho, piga simu mbili: moja kwa kampuni ya simu, uwaambie kipo, nyingine kwa wenye kidude, uwaulize kama kinakubali laini ya dijitali. Kisha bonyeza kitufe usikie kama wanajibu. Hao hawakasiriki ukijaribu, ndiyo kazi yao.

Baba mmoja wa Zanzibar anayekaa ghorofa ya sita hapa Coventry ameniuliza kuhusu simu ya ndani ya lifti, ile yenye kengele. Hiyo nayo mara nyingi iko kwenye waya wa shaba, na ya kuulizwa ni kwa mwenye jengo, wala si kwa kampuni ya simu ya nyumbani kwako. Nimemwandikia barua ya kupeleka kwa wasimamizi wa jengo. Wakijibu nitaiweka hapa. Wasipojibu nitaiweka pia, na tarehe tuliyoipeleka.